Kopo Namba Moja

Mke wangu alikuwa na maziwa mengi. Naanzia hapo kwa sababu watu walioniona nikibeba kopo la maziwa ya dukani walidhani yake yamemkauka, na wengine walisema hivyo mbele yake. Hayakukauka. Siku ya tano baada ya kujifungua yalikuwa yakilowanisha gauni mpaka kiunoni, na mtoto, ambaye ndiye aliyekuwa wetu wa kwanza, alinyonya kwa pupa huku akikoroma, nasi tukimcheka.

Siku ya tisa miguu ya mke wangu ilianza kuvimba. Siku ya kumi alishindwa kulala chali. Alikaa kitandani akiegemea ukuta, akihema kama mtu aliyetoka kupandisha mlima na mzigo kichwani. Tulikuwa nyumbani kwetu Nshamba, ambako napima kahawa katika chama cha wakulima. Nilimpeleka hospitali Muleba, wakamwekea oksijeni, na kabla ya mchana tulikuwa ndani ya gari la wagonjwa kuelekea Bukoba, yeye ameinuliwa mgongo kwenye kitanda cha gari na mimi nimempakata mtoto. Bukoba wakasema ni moyo. Wakanieleza kwamba wako wanawake wachache ambao moyo huchoka baada ya kuzaa, kwamba unaweza kurudi katika hali yake, na unaweza usirudi.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alisema kuna dawa anazotaka kumwanzishia, na akizianza hataweza kunyonyesha. Mke wangu akauliza kwa muda gani. Akajibiwa kwamba mtoto huyu hatamnyonyesha tena. Wakati anaambiwa hivyo mtoto alikuwa kifuani, ananyonya. Mke wangu alimwacha amalize titi lile, akamhamishia la pili, akamwacha amalize na hilo. Daktari alisimama akasubiri, wala hakuna aliyemharakisha. Kisha mke wangu akanikabidhi mtoto, na muuguzi akamzungushia kanga kifuani akaikaza kwa nguvu, kama anayefunga mtumba.

Muuguzi huyo ndiye aliyeniagiza niende duka la dawa nikanunue maziwa ya kopo ya mtoto mchanga. Akaniambia yawe namba moja, nisije nikaleta namba mbili, ambayo ni ya waliopita miezi sita. Akaniambia pia ninunue kikombe kidogo cha kumnyweshea, si chupa, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha na watoto huharisha.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na sikuwa nimewahi kulitazama kopo la maziwa ya mtoto. Duka lilikuwa karibu na soko. Makopo yalipangwa kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya dada aliyekuwa akiuza, na nilipomwambia nataka maziwa ya mtoto aliniuliza ya aina gani. Nikasema ya mtoto mchanga. Akaniuliza ana siku ngapi, nikasema kumi na mbili. Akashusha makopo manne akayapanga mbele yangu, yote yameandikwa namba moja. Moja ni la maziwa ya ng'ombe. Moja la maziwa ya mbuzi. Moja limetengenezwa kwa soya, kwa watoto wanaokataliwa na maziwa. La nne lilikuwa la watoto wanaotapika sana, maziwa yake mazito kidogo. Akasema ana na la watoto njiti, kama wangu ni njiti. Nikasema si njiti.

"Mama yake yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia amelazwa. Akaacha kuniuliza. Nikasimama pale nikiyasoma makopo, lugha nne upande mmoja, maandishi madogo kama mchanga. Mimi kazi yangu ni mizani. Mkulima akileta gunia nalijua uzito wake kwa macho kabla sijaliweka, na sikosei sana. Lakini pale sikuwa na cha kukadiria. Nyuma yangu watu wawili walisubiri kununua dawa za malaria. Nilichukua la ng'ombe kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono wangu.

Nilipata pa kukaa mtaa wa Kashai, kwa mama mmoja wa Kiislamu, mjane, ambaye mwanawe tulijuana naye katika biashara ya kahawa. Alinipa chumba cha uani na hakutaka kusikia habari ya kodi. Nilimsalimu, shikamoo mama, akaitikia huku mikono yake tayari imeshamchukua mtoto. Yeye ndiye aliyechemsha maji mara ya kwanza. Mimi nilisoma maelekezo kwa sauti: maji yaliyochemka na kupoa kidogo, vijiko vya ndani ya kopo vilivyosawazishwa kwa kisu, visiwe na mlima. Mtoto alikataa kikombe. Aligeuza uso akatafuta titi kwenye shati langu, akakuta kifungo, akalia. Tulihangaika naye karibu saa nzima, akanywa labda nusu, nusu nyingine ikaishia shingoni.

Siku ya tatu mama yangu akafika kutoka kijijini Kaagya, na mkungu wa ndizi na kikapu cha majani ya dawa. Alimkuta mjukuu wake anaweza kunywa kwa kikombe, amekaa wima mikononi mwa yule mama wa Kashai, analamba kama paka. Mama yangu ni Mkatoliki wa shambani, hajawahi kulala mjini zaidi ya siku mbili, na nilikuwa na wasiwasi wataelewanaje. Waliongea Kihaya tangu salamu ya kwanza, kwa maana yule mama, ingawa baba yake alitoka pwani, alizaliwa hapohapo Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Kisha kilio kikaanza.

Sikumbuki siku yenyewe, nakumbuka saa. Saa kumi alasiri. Alikuwa amekunywa vizuri, amelala kidogo, akaamka akakunja miguu mpaka magoti yakagusa tumbo, uso ukaiva, ngumi zikafungwa, akapiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Tumbo lilikuwa gumu. Ukiligonga kwa kidole lilitoa sauti. Alilia mpaka saa moja ya jioni, akajamba mara mbili tatu, akalegea, akalala usiku mzima. Kesho yake saa kumi, yaleyale. Na siku iliyofuata.

Mama yangu akasema ni mchango, ule ugonjwa wa tumbo la watoto wachanga. Mwenyeji wetu naye akasema ni mchango, ila mmoja alitaka kumnywesha maji ya majani na mwingine alitaka kumchua kwa mafuta ya habasoda. Nilikataa majani. Mafuta nilikubali, maana hayaingii tumboni. Kila alasiri yule mama aliyapasha kwenye viganja, akamchua tumbo kwa kuzungusha, taratibu, akimwombea dua kwa sauti ya chini. Mtoto alinyamaza wakati anachuliwa, dakika tano, kumi. Mikono ikitoka, analia. Nikanunua dawa ya gesi, ile ya matone. Nikanunua na ile ya maji matamu inayonukia bizari, dada wa duka akanikataza nisimpe kabla hajatimiza mwezi, nikaiweka kabatini bila kuifungua. Tulimlaza kifudifudi mapajani. Tulimzungusha miguu kama mwendesha baiskeli. Tulimwekea kitambaa cha moto. Kila kitu kilisaidia mara moja, na kesho yake hakikusaidia.

Saa ya kuona wagonjwa nayo ilikuwa saa kumi.

Watoto hawakuruhusiwa wodini, lakini muuguzi wa zamu alimruhusu mke wangu atolewe kwa kiti cha magurudumu mpaka barazani, amwone. Kwa wiki nzima nilimwacha mtoto Kashai, nikaenda peke yangu. Kila siku mke wangu aliniuliza swali lilelile, kama mtoto analia. Nikasema halii. Akauliza kama maziwa anayapenda, nikasema anayapenda sana. Alinitazama. Sura yake ilikuwa imepungua, macho yamekuwa makubwa. Akasema nimlete kesho.

Nilimpeleka. Njia nzima alikuwa kimya mgongoni kwa mama yangu, na nilianza kuamini kwamba Mungu ameniona. Tulipofika barazani, mke wangu ameshasukumwa nje, amevaa kitenge kipya kwa ajili yake, mtoto akaanza. Magoti tumboni, ngumi, yowe lile. Nilimpakata, nikambeba begani, nikatembea naye huku na huku mbele ya mama yake nikimpigapiga mgongo kama tulivyozoea. Wagonjwa wengine wakatoka kuangalia. Mke wangu alinyoosha mikono, nikamwekea mapajani, na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumwinua alimshika tu pale alipo, kiganja kimoja tumboni. Mtoto akageuza uso kutafuta. Alikuwa bado anakumbuka. Na mimi nikaona kanga iliyomfunga mama yake kifua inalowa, kwanza mahali padogo kama sarafu, kisha pote.

Mke wangu hakulia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mpeleke nyumbani. Usimlete tena saa hii."

Mama yangu akamchukua. Nilikaa kwenye benchi la baraza mpaka kengele ya kutoa wageni ilipogongwa.

Kesho yake nilirudi duka la dawa nikabadilisha maziwa. Nilitaka kuwa mtu aliyefanya jambo. Mwanamume mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alisema mtoto wa dada yake alikuwa hivyohivyo, wakagundua ni maziwa ya ng'ombe, wakampa soya akapona. Nikanunua soya. Siku tatu hakupata choo, na alasiri alilia zaidi. Mtu mwingine akasema tatizo ni sukari ya kwenye maziwa, yako makopo yasiyo na sukari hiyo. Dada wa duka akaniagizia kopo moja, likaja na basi la kutoka Mwanza. Akaharisha siku mbili, nepi za kijani, mpaka matako yakawa mekundu na mama yangu akaacha kusema nami. Nikanunua na la mbuzi. Dirishani kwa yule mama wa Kashai yalipangwa makopo manne yaliyofunguliwa. Alipopita aliyatazama, na hilo lilinichoma.

Yeye ndiye aliyenituma kliniki ya watoto. Muuguzi wa pale alikuwa mtu mzima mwenye miwani, na foleni yake ilifika mpaka mlangoni. Alimvua mtoto, akampima, akaandika kwenye kadi, akaligusa tumbo. Kisha akaniuliza anakunywa nini. Nikamtajia yote manne, moja baada ya jingine, na sababu za kila moja. Nilitegemea aniambie lipi kati ya hayo ndilo.

"Baba," akasema, "uzito umeongezeka vizuri. Mtoto haumwi. Wewe ndiye unayembadilishia tumbo kila siku tatu."

Akaniambia nirudi kwenye la kwanza na nisitoke hapo. Akanionyesha jinsi ninavyokoroga. Mimi nilikuwa nikitikisa maziwa ndani ya chupa ya maji kwa nguvu zote ili yasibaki na mabonge, kisha namimina kikombeni na povu lake. Akasema povu lile lote ni hewa naiingiza tumboni. Nikoroge kwa kijiko kisafi, niache povu litulie. Nimkalishe wima. Katikati ya kunywa nisimame, nimweke begani nimpigepige mpaka acheue, ndipo niendelee. Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Nilimuuliza kama nikifanya hivyo kilio kitaisha.

Akasema kitapungua. Kuisha kitaisha chenyewe, mwezi wa tatu au wa nne, kama kwa watoto wengine wengi, wa kopo na wa titi.

"Na mpaka wakati huo nifanye nini?"

"Mshike," akasema, akaita anayefuata.

Nilitoka pale na hasira. Nilikuwa nimesubiri tangu asubuhi, na nimeambiwa nimshike mtoto ambaye mikono yangu ilikuwa inauma kwa kumshika. Lakini nilikoroga kwa kijiko. Niliacha povu litulie. Kilio kilipungua kweli, kikawa cha saa mbili badala ya tatu, na choo kikarudi rangi ya haradali.

Mtoto alipokaribia miezi miwili mke wangu alipelekwa Mwanza kuchunguzwa moyo kwa mashine ambayo Bukoba hawakuwa nayo. Dada yake alikwenda naye. Mimi nilitakiwa kazini, msimu wa kahawa ulikuwa mlangoni, hivyo tukarudi Nshamba, mimi na mama yangu na mtoto, na makopo mawili namba moja kwenye begi. Mama wa Kashai alinipa chupa ndogo ya mafuta ya habasoda, akamshika mtoto muda mrefu mlangoni kabla hajamtoa.

Nshamba ina maduka, lakini maziwa ya mtoto mchanga hayakuwepo. Yalikuwepo ya mtoto wa mwaka mmoja, na yale ya unga ya chai. Ilibidi niagize Bukoba kwa watu wa mabasi. Mara ya kwanza kondakta aliniletea namba mbili, akasema namba moja hazikuwepo na mbili ni kubwa kuliko moja, kwa hiyo nimepata zaidi. Nikalirudisha. Kopo likichelewa nilikuwa sikai wala silali, na mama yangu aliyaona yote hayo. Aliona nikienda stendi asubuhi kabla ya kazi, narudi mikono mitupu. Asubuhi mimi ndiye niliyemnywesha mtoto, lakini mchana kutwa nilikuwa kwenye mizani na yeye ndiye aliyechanganya.

Kilio kikabadilika. Kilikuwa cha alasiri tu, sasa kikaanza kuja na saa nne ya asubuhi, na saa nane ya mchana, kwa mujibu wa mama yangu. Mimi nilipokuwa nikirudi jioni nilimkuta analia ngumi mdomoni. Nikajiambia gesi imerudi. Nikapasha mafuta. Nikamzungusha miguu. Nikampa matone ya gesi, na alipoyalamba kwa tamaa nikafurahi kwamba dawa haimkeri. Wiki mbili nzima nilimchua tumbo yule mtoto.

Siku ya kliniki nilimpeleka mwenyewe. Muuguzi wa pale Nshamba alimning'iniza kwenye mizani, ile yenye suruali ya kitambaa ya kumvalisha mtoto, akatazama kadi, akatazama mshale. Akasema hajaongezeka hata kidogo tangu mara ya mwisho. Nikamwambia mizani yake haijakaa sawa. Nilisema hivyo kwa jeuri, kama mtu wa kazi. Hakukasirika. Akamtoa mtoto, akaining'iniza suruali tupu, mshale ukasimama kwenye sifuri pasipo kutikisika. Nilikuwa nimeufanya ukaguzi huo mara elfu mbele ya wakulima wasioniamini. Akamrudisha mtoto. Uzito ulikuwa uleule.

Nilirudi nyumbani. Nikakaa jikoni, nikamwambia mama amchanganyie mtoto, maana mimi nimechoka. Akapima maji ya vijiko vinne. Akachota kijiko cha kwanza akakisawazisha kwa kisu vizuri kabisa, akachota cha pili, akachota nusu, akafunika kopo.

Nikamuuliza mbona vijiko viwili na nusu.

Alisimama na kijiko mkononi. Akasema kwamba aliona ninavyohangaika. Kwamba kopo likienda siku kumi badala ya sita, nitapumua. Kwamba maji ni mengi yaleyale, tumbo linajaa, na yeye aliwaona wanawake Kaagya wakiongeza maji kwenye maziwa ya ng'ombe na watoto wakakua. Aliongea haraka, kwa Kihaya.

"Nilidhani nawasaidia nyote wawili," akasema. "Waitu, mwanangu, nilidhani ni gesi."

Nilitaka kumkaripia. Neno lilishafika mdomoni. Lakini na mimi nilidhani ni gesi, na mimi ndiye niliyefundishwa kazi hiyo na muuguzi mwenye miwani. Niliongeza kijiko kimoja na nusu kwenye kile kikombe, nikakoroga. Mtoto alikunywa chote bila kupumzika, nikamtengenezea kingine, akanywa nusu yake, akalala begani kwangu kabla hajacheua. Mama yangu alikuwa ametoka nje. Nilimwona kibanjani kwangu, amesimama kati ya migomba, ameinamisha kichwa, hafanyi kazi yoyote. Sikumfuata. Nilipaswa kumfuata, na mpaka leo sijui kwa nini sikwenda.

Uzito ulirudi ndani ya wiki tatu. Kilio cha asubuhi kikaisha palepale. Kile cha saa kumi kikabaki, kwa sababu hicho kilikuwa ni gesi kweli. Sasa niliweza kuvitofautisha kwa sikio, lakini hakuna aliyekuwa na haja ya kujua ninavitofautishaje. Mama yangu hakuchanganya tena. Aliniambia mikono yake inatetemeka, hawezi kusawazisha kijiko. Mikono yake haikuwa inatetemeka. Nikawa natoka kwenye mizani mchana, mara mbili, naenda nyumbani kumnywesha, narudi, wakulima wakinisubiri kwenye magunia yao. Walifahamu. Wengine walimleta mke au mama mkwe kuniambia dawa ya tumbo la mtoto. Niliwashukuru.

Siku moja, kahawa ikiwa imejaa ghala, nilikuwa nyumbani alasiri nikiwa nimempakata mtoto nikisubiri. Nilikuwa nimeshapasha mafuta. Nimeshavua saa mkononi ili isimkwaruze. Saa kumi ikapita. Alikuwa akitazama mwanga wa mlangoni, anapiga miguu. Saa kumi na moja ikapita. Mama yangu akaja akasimama mlangoni, akatutazama, akaenda zake. Hakulia siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu nilikuwa nikisubiri bado, kwa woga, kama mtu anayesubiri radi baada ya kuona umeme. Haikuja. Sikuwa nimebadilisha chochote. Kopo lilikuwa lilelile, maji yaleyale, kijiko kilekile. Muuguzi alisema mwezi wa tatu au wa nne, na ulikuwa mwezi wa tatu na siku chache.

Nilimpigia simu mke wangu Mwanza kumwambia mtoto ameacha kulia. Hapo nikakumbuka kwamba, hata baada ya siku ile ya barazani, nilimwambia siku zote halii.

"Nilikuwa najua," akasema.

Mke wangu alirudi mtoto akiwa na miezi mitano. Moyo wake ulikuwa umepata nafuu, si kupona. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku na kuambiwa asibebe mimba nyingine. Alishuka kwenye gari dogo nililokodi, akatembea mwenyewe mpaka sebuleni akipumzika mara mbili, akaketi, akanyoosha mikono. Nilimweka mtoto mapajani pake. Mtoto alimwangalia yule mwanamke kwa muda, uso kwa uso, kwa utaratibu, kama anayesoma. Kisha mdomo ukapinda, akalia, akageuka kumtafuta mama yangu. Mke wangu akamtoa mwenyewe, akampa mama yangu. Akasema ni sawa, yeye ndiye mgeni.

Hakulazimisha. Kila siku aliketi karibu na mahali mtoto alipo, akichambua mboga au akikunja nguo, akiongea naye bila kumshika. Nilimfundisha kukoroga maziwa, kusawazisha kijiko, kungoja povu. Alinisikiliza kwa makini na sikuweza kumtazama usoni wakati namfundisha, mama wa mtoto, jinsi ya kumlisha mtoto wake. Wiki ya pili mtoto alikubali kikombe kutoka kwake. Wiki ya tatu alilala mapajani pake.

Alipotimiza miezi sita, siku ileile, mke wangu alichemsha ndizi moja, akaiponda mpaka ikawa laini kabisa, akaipoza. Alituambia mimi na mama yangu tusisogee. Akamwekea kidogo mdomoni kwa ncha ya kidole. Mtoto aliitema. Akamwekea tena, akaitema. Mara ya tatu akaibakiza mdomoni, akakunja uso, akameza, akabaki ameduwaa. Mke wangu alicheka mpaka akashika kifua, mama yangu akainuka kwa hofu, mke wangu akasema ni kicheko tu, ni kicheko.

Jioni ile tumbo la mtoto lilijaa gesi kwa sababu ya ndizi. Mke wangu ndiye aliyembeba begani. Nilimwona akitembea naye pole pole kutoka mlangoni hadi dirishani, akisimama kupumua, akiendelea, na mimi nikiwa nimeketi, amenikataza kusaidia.